Kisima Kilichohama Pichani

Mguu wa Zipora tuliuacha mkononi mwa mtu.

Mliokuwepo mnakumbuka. Saa mbili asubuhi, ukumbi wa chakula wa resti hausi ya zamani, mlango umerudishwa, na mama mzima wa miaka sitini na mitatu yuko juu ya stuli anafunua shuka jeupe lililofunika picha ukutani. Akaona alichokiona. Kabla hajapiga ukelele, mkono ukamdaka kifundo cha mguu.

Mkono mkubwa. Wa moto. Unanuka vitunguu.

Vitunguu ndivyo vilivyomwokoa asizimie. Muuaji gani huyo anakatakata kachumbari kwanza?

"Shuka, mtani," sauti ikanong'ona. "Ukivunjika kiuno hapa wataandika umeharibu stuli."

Alikuwa Swalihu, mpishi wa pale, mjukuu wa watu waliokuja Dodoma na misafara kutoka Tabora, wakachoka kutembea, wakafungua maduka. Yeye na Zipora walikuwa wametaniana miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka nani alianza.

"Swalihu, kisima kimehama."

"Kisima hakihami. Anayehama ni Mgogo, mvua ikikataa."

"Acha utani wako wa kijinga. Tazama mwenyewe!"

Swalihu akatazama. Picha ni ile ile, ungeweza kuapa. Wazungu watatu wa zamani, wale waliokuwa wakipita kuitafuta nchi ambayo wenyewe hatukuwa tumeipoteza, wamepiga kambi nyikani chini ya jiwe la Chihoma. Hema mbili. Wapagazi hoi juu ya mizigo. Mpishi mwenye kofia kashika sufuria. Mzee wa Kigogo anamkabidhi ng'ombe Mzungu mwenye ndevu. Na yule Mzungu wa tatu, mwembamba kama ufito, kakaa ukingoni mwa kisima cha watu, kakunja suruali, anaosha miguu ndani ya maji ya kunywa.

Zipora alifagia ukumbi ule miaka ishirini na nane. Kila Jumatatu aliipangusa picha kwa kitambaa kikavu, na kila alipofika kwenye ile miguu miwili myeupe aliichapa kikofi. "Toa miguu yako majini, wewe!" Miaka ishirini na nane. Mzungu hakutoa.

Lakini miguu ile ilikuwa kushoto kwa jiwe. Leo ilikuwa kulia.

Aliyeingia leo asione haya, asogee tumweleze haraka. Ukisimama barabarani, pale aliposimama mchoraji, ukalitazama jiwe la Chihoma, huko nyuma ya Ihumwa, kushoto kwako ni machweo na kulia ni mawio. Jiwe lenyewe ni duara kama kiazi, halina mbele wala nyuma. Upande wa machweo kuna kisima chenye maji. Kaya ishirini na tatu zinakunywa hapo, pamoja na ng'ombe wao, na msemaji wao ni Zipora. Upande wa mawio ni ranchi ya zamani ya serikali, na mwaka ule wa tisini na mbili, ruksa ya biashara huria imekolea kila kona, ranchi ilikabidhiwa kwa Bwana Harithi. Akapewa na resti hausi juu yake, na stuli zake, na mpishi wake.

Harithi keshapanda zabibu upande wa mawio. Zabibu zinataka maji. Basi akadai kwamba kisima cha machweo kilichimbwa na ranchi juzi juzi tu, na kwamba kisima cha babu yake Zipora kilikuwa mawio, kikakauka, kikafukiwa, na ukoo ule ukahamishwa kihalali. Kwaheri.

Na nani aliyesimama mbele ya kamati ya ardhi wiki mbili zilizopita, kifua mbele, akasema, "Shahidi wangu ni picha ya resti hausi, iletwe!" Zipora huyo huyo. Kwa mdomo wake.

Siku hiyo picha ilikuwa Dar es Salaam. Harithi alikuwa ameipeleka kusafishwa. Imerudi jana, na kwa kweli imesafishwa.

Kamati inakaa saa tatu. Mabunda ya seng'enge yameshashushwa Chihoma. Neno moja tu la kamati, na kesho kisima kina uzio.

"Nimejinyonga mwenyewe," Zipora alisema.

Swalihu akatupia jicho mlango wa jikoni. "Mtani, kuna kitu..."

Lakini Zipora alikuwa hamsikii tena. Uso wake ulikuwa umesogea mpaka pua inakaribia kugusa rangi. Hakuwa anatazama kisima. Alikuwa anamtazama ng'ombe. Akamkodolea macho kichwani, akahesabu kitu kwa kidole, akahesabu tena.

Kisha akafanya jambo la ajabu kwa mtu aliyekwisha kujinyonga. Akaziba mdomo kwa khanga asicheke.

Viatu vikalia koridoni, kwi, kwi, kwi. Viatu vipya.

"Funika!" Swalihu alisema. Shuka likashuka, na Zipora akashuka, na mlango ukafunguka.

Bwana Harithi alikuwa mtu wa adabu. Huo ndio uliokuwa ubaya wake. Angekuwa mkorofi watu wangemwogopa mapema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Naona umewahi."

"Nimekuja kuwasalimia Wazungu wangu. Tumekaa wote siku nyingi."

"Hawajambo?"

"Hawajambo. Ila safari ya Dar imewachosha, wengine naona wamelala upande."

Harithi akatabasamu, lakini jicho moja halikutabasamu. Akamgeukia mpishi. "Swalihu. Ule mzigo niliokuambia uwashie jiko. Umeungua?"

"Umeungua, bosi."

"Wote?"

"Majivu yake nimesugulia masufuria."

Swalihu alisema hivyo akitazama vidole vyake vya miguu. Zipora akaliona hilo, akalifunga kwenye pindo la akili kama mtu anavyofunga kitu kwenye pindo la khanga.

Saa tatu kasoro watu walianza kuingia. Wanakijiji wa Chihoma na vumbi lao. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Bartolomayo, mtu mwenye sauti nene na moyo mwembamba. Mzee Methusela, mjumbe, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Wa mwisho akaingia karani.

Karani alikuwa Denis. Mtoto wa mwisho wa Zipora, aliyesoma mpaka kidato cha nne, mwenye mwandiko wa kuchapa. Watu walinong'ona tangu siku ya kwanza: iweje mtoto wa mdai awe karani? Cha kushangaza, Harithi mwenyewe alisema hana pingamizi. Zipora aliona ni ungwana. Nyinyi mlionaje?

Denis alikuwa amekumbatia faili na rula yake kifuani kama mtu aliyebeba kitoto kichanga.

"Shikamoo, mama." Hakumtazama.

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Mama, leo usiseme sana."

"Kwa nini?"

"Usiseme tu." Akaenda kukaa nyuma, karibu na mlango, ingawa meza yake ilikuwa mbele.

"Njoo mezani kwako, karani!" mwenyekiti aliita.

"Naandikia huku, mzee. Huko kuna upepo."

Upepo wa Dodoma uko kila mahali, lakini Bartolomayo hakubishana. Alikuwa na haraka ya kumaliza kabla hajatakiwa kuwa jasiri.

Shuka likavutwa.

Ukumbi ukavuta pumzi. Kulia! Miguu ya Mzungu ilikuwa kulia, mawio, kwenye zabibu za Harithi. Mwanamke mmoja wa Chihoma akaanza kulia kwa sauti ndogo.

"Mama Zipora," Bartolomayo alisema. "Ulituambia shahidi wako ni picha. Picha hii hapa. Bado ni shahidi wako?"

Harithi akaangalia saa yake ya dhahabu.

"Bado," Zipora alisema.

Watu wakaguna. "Huyu mama kapatwa na nini?"

"Unaikubali yote?"

"Kamati ikiikubali, mimi nani? Ila na Bwana Harithi aikubali. Tusije tukagombana kesho."

"Naikubali kwa mikono miwili," Harithi alisema.

"Yote?"

"Yote, mama. Kila kilichomo."

"Basi na aandike jina lake, mwenyekiti. Mimi nitaweka dole gumba, ingawa kusoma najua. Dole gumba halina ufundi wa kugeuzwa."

Karatasi ikaletwa. Harithi akasaini kwa mbwembwe, mkia wa herufi ya mwisho ukavuka ukingo. Zipora akabonyeza dole gumba, akalipangusa kwenye khanga, akageuka.

"Sasa isomwe. Mzee Methusela, una miwani?"

"Ninayo."

"Nenda kwa yule ng'ombe. Mtazame masikio."

Mzee Methusela akainuka taratibu, goti moja baada ya jingine. Akaisogelea picha. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa.

Mgeni wa nchi hii anaona ng'ombe, anaona nyama. Mgogo anatazama sikio. Kila ukoo una mkato wake, na mtoto wa miaka sita anayechunga anaijua mikato ya majirani wote kabla hajajua kuhesabu mpaka ishirini. Ukoo wa Zipora hukata mara mbili, sikio la kushoto. Ukoo wa Methusela nao hukata mara mbili. Lakini sikio la kulia. Mababu walikuwa ndugu, wakagombania dume, wakagawana masikio.

"Mikato miwili," Methusela alisema polepole. "Sikio la kulia." Akavua miwani. "Huyu ng'ombe ni wetu."

"Eeeh!" ukumbi ukasema.

"Ng'ombe ni ng'ombe tu," Harithi alisema. "Tunazungumzia kisima."

"Mwanangu," Zipora akajibu kwa upole wa kutisha, "zamani mgeni akipiga kambi kwenye maji ya mtu, anatoa hongo, ushuru wa kupita, nguo na shanga. Mwenye maji akishapokea, yeye ndiye anayetoa ng'ombe wa kumchinjia mgeni. Jirani hawezi kutoa. Akitoa jirani, ametangaza vita. Sasa mzee pichani anatoa ng'ombe wa kina Methusela. Kwa hiyo kisima kile cha kulia ni cha kina Methusela, na ardhi yake. Sisi mnasema tulihamishwa kihalali. Sawa. Mzee Methusela, nyinyi mlihamishwa?"

Mzee Methusela, mtu wa maneno machache, akayatoa yote aliyokuwa ameyaweka akiba.

"Hatukuhamishwa! Hatukuulizwa! Hakuna aliyetujia hata kutupigia hodi! Kwa hiyo ile mizabibu yote, kumbe imepandwa juu ya maji ya babu yangu? Mwenyekiti, mimi sasa si mjumbe tena, ni mdai! Nina wajukuu kumi na wanane. Kesho waende wakang'oe vijiti vile, ng'ombe walale pale!"

"Wewe mzee!"

"Umesaini! Umesema kila kilichomo! Ng'ombe yumo!"

Wanakijiji wakasimama. Aliyekuwa akilia akapiga vigelegele bila kujua anampigia nani. Bartolomayo aligonga meza, meza ikayumba, chai ikamwagikia viatu vipya vya Harithi, na hapo adabu ya Harithi ikafika mwisho.

"Siyo ng'ombe wako!" alipaza sauti. "Ng'ombe amegeuzwa! Nilimwambia yule fundi ahamishe kisima tu! Kisima peke yake! Mjinga kageuza picha nzima, na ng'ombe, na..."

Mkono ukamwenda mdomoni, umechelewa.

Vichwa vyote vikamgeukia. Ungesikia inzi akijipangusa.

"Ahamishe nini, mwanangu?" Zipora aliuliza.

Harithi akafuta kiatu kwa leso. Alipoinua uso alikuwa ameshajikusanya. Huyo ndiye Harithi, msimdharau.

"Maneno ya hasira si ushahidi. Basi, nasema hii ni nakala. Fundi amekosea. Ile ya mwanzo iliharibika njiani, imeoza, imetupwa. Haipo. Mama huyu anasema kisima kilikuwa kushoto? Atuonyeshe. Hawezi, hana kitu. Mwenyekiti, endelea."

Na Bartolomayo, Mungu amsaidie, akaanza kulegea. "Ni kweli... kamati huenda kwa inachokiona kwa macho. Nakala naifuta. Ile ya mwanzo ikionekana, na kisima kikiwa kushoto, seng'enge haiendi. Isipoonekana..." Akafungua mikono. "Isipoonekana, karatasi za ranchi ndizo zitakazosema. Uzio uendelee."

Zipora akafungua pindo la akili yake.

"Swalihu," aliita. "Mtani wangu. Majivu yako yako wapi?"

Swalihu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Kazi yake, chumba chake, mlo wa wanawe, vyote vilikuwa mfukoni mwa mtu aliyemkazia macho kutoka meza ya mbele. Akauhamishia mwiko mkono wa pili.

"Swalihu," Harithi alisema taratibu. "Nenda ukaangalie wali wako."

"Wali umeiva, bosi."

"Nenda."

Akaenda. Zipora akaona mgongo wake ukipotea jikoni, na moyo wake ukaenda nao. Ndiyo basi. Mtu ana watoto, umlaumu vipi?

Jikoni kukasikika kitu kikiburutwa. Gunia. Sufuria likaanguka. Halafu Swalihu akarudi, mweupe kwa unga wa ugali kuanzia kofia mpaka ndala, amebeba begani furushi refu la mviringo lililofungwa kwenye kiroba.

"Nilishindwa kuichoma," alisema. "Bosi, nisamehe, au usinisamehe. Yule mpishi mwenye kofia, aliyeshika sufuria... kwetu wanasema ni babu wa babu yangu. Nimchomee jikoni kwangu mimi? Tangu niletewe nimeifukia chini ya magunia, sijaifungua hata mara moja."

"Eeeh, mtani!" Zipora alisema, na machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Uso wa Harithi uligeuka wa kijivu. Alipiga hatua, lakini wanaume wa Chihoma walikuwa wameshasimama mbele yake, bila ugomvi, kama ng'ombe wanavyosimama barabarani.

"Ifungue," Bartolomayo alisema. Hata yeye sauti ilikuwa imepata mfupa.

Swalihu akashika ncha moja, Methusela akashika nyingine. Turubai kuukuu la picha likafunguka, likitoa unga na harufu ya miaka. Hema mbili. Wapagazi. Mpishi na sufuria lake. Ng'ombe...

"Sikio la kushoto!" Methusela alisema. Alisikitika kidogo, hiyo lazima isemwe. "Ni wa kwenu, Zipora. Basi tena."

Jiwe la Chihoma likafunguka. Na kushoto kwa jiwe...

Hakukuwa na kitu.

Kulikuwa na tundu. Tundu la mraba, la kukatwa kwa wembe, kingo zake nyoofu kama zimepimwa kwa rula. Mzungu mwembamba alikuwa amebaki kuanzia magotini kwenda juu, ameinama na kutazama hewa.

Swalihu akatikisa kichwa. "Wallahi sijui. Nilivyoletewa ndivyo nilivyoficha."

Na Harithi? Harithi alishangaa kama wengine. Mdomo ulikuwa wazi. Halafu, polepole sana, ukafunga, ukawa tabasamu.

"Kisima kiko wapi, mama?"

"Hilo tundu lenyewe liko kushoto!" Zipora alisema. "Kilichokatwa ni nini kama siyo kisima?"

"Tundu ni tundu. Labda palikuwa na kichaka. Labda panya."

"Panya mwenye rula?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha woga. Bartolomayo alijikuna shingo. "Mama Zipora, kamati haiwezi kuandika tundu. Kipande chenyewe kisipoonekana sasa hivi..." Akatazama ukuta, akatazama Harithi. "Nitafunga kikao."

Zipora hakumngoja amalize. Alisogea mpaka kwenye turubai, akaweka mkono kwenye lile tundu, pale pale alipozoea kuichapa miguu. Mkono ukapita upande wa pili. Akazunguka nyuma ya turubai, akainama, akachungulia.

Tundu likamwonyesha ukumbi kama dirisha dogo. Kila mtu alikuwa akiitazama picha. Kila mtu, ila mmoja.

Denis alikuwa akilitazama faili lake.

Zipora akakumbuka. Nani aliyetumwa kuupeleka jikoni ule mzigo wa kuchomwa? Swalihu hakusema aliletewa na nani. Nani aliyekuwa na rula? Nani aliyepita mbele ya Harithi bila pingamizi? *Mama, leo usiseme sana.*

Kaokoa? Au kauza?

Denis akainuka kimya kimya, faili kifuani, mkono wa pili ukitafuta kitasa nyuma yake. Mwenyekiti akanyanyua kalamu. Kaya ishirini na tatu upande mmoja, mtoto wa tumbo lake Zipora upande wa pili, na kati yao hatua nne za sakafu.

Kitasa kikalia. Denis akashtuka, faili likainama, na kutoka kwenye ukingo wake kikachomoza kipande cha turubai.

Miguu miwili myeupe, bado ndani ya maji.